Asisti Arobaini za Mkwe Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka. Naandika haya kabla ya chakula cha mchana, na tayari nimechoka.

Binti yangu alikuja asubuhi na habari. Mkataba wa mume wake unaisha mwezi huu. Klabu yake ya mpira wa kikapu imemwambia wazi kwamba haitauongeza asipomaliza ligi kwa wastani wa asisti sita kwa kila mchezo. Mkataba ukiisha, nyumba ya klabu nayo inarudishwa. Wakiirudisha, watahamia hapa: yeye, mume wake, wale pacha na mdogo wao. Nikauliza hapa wapi. Mke wangu akamjibia: chumba cha nyuma.

Chumba changu! Nilingoja miaka thelathini na moja watoto waondoke ili nikipate. Kina meza, kitanda cha kujinyoosha mchana, mafaili yangu ya takwimu na mlango unaofungwa kwa ndani. Sina kingine duniani ninachokidai.

Nimekokotoa. Mkwe wangu amecheza michezo kumi na minane, ana asisti tisini na mbili. Michezo minne imebaki. Anahitaji arobaini, yaani kumi kila mchezo. Hajawahi kupata kumi tangu azaliwe. Mashabiki wanamwita Taratibu, wala si kwa kumsifu.

Hata hivyo. Asisti ni pasi inayozaa kikapu moja kwa moja. Anayeamua kama imezaa moja kwa moja au kwa kuzunguka ni karani wa takwimu. Ligi nzima inachezwa katika ukumbi mmoja, na karani wa ukumbi huo kwa miaka ishirini na sita ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu amepima dirisha la chumba cha nyuma kwa kamba. Nilikuwa nimelala ndani. Alisema niendelee kulala, hanihitaji.

Nimechonga penseli nne.

Jumatano, 5 Machi

Mchezo wa kwanza kati ya minne. Nimerudi na mgongo kama ubao.

Pale mezani huwa tunakaa watatu. Mimi katikati na karatasi zangu. Kulia kwangu mtangazaji, ambaye husoma kwa kipaza sauti kila kijikaratasi ninachompa, na hajawahi kufikiri juu ya hata kimoja. Kushoto kwangu mtunza saa, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke anayekuja na mto wake wa kukalia na hamkaribishi mtu. Sote humwita Mwalimu. Hata mwamuzi mkuu humwogopa.

Nililegeza kamba kidogo tu. Taratibu akitoa pasi na mwenzake akafunga, asisti. Mwenzake akiudunda mpira mara moja kwanza, asisti. Mara nne, asisti. Katika robo ya tatu kuna mmoja alipokea pasi, akaudunda, akageuka, akatazama benchi, akavuta soksi, ndipo akarusha. Nikaandika asisti. Mwalimu akauliza bila kunigeukia kama pasi ile haikuwa imeota mvi tayari. Nikamwambia atazame saa yake.

Taratibu: asisti kumi na moja. Zimebaki ishirini na tisa.

Sikusikia furaha yoyote. Nilisikia magoti.

Ijumaa, 7 Machi

Mkwe wangu alikuja kunisalimu, kwa adabu yake ile ndefu. Shikamoo Baba, habari za mgongo, habari za miguu, habari za macho. Kufikia habari za macho nilikuwa nimeyafumba.

Kisha akasema, kwa aibu, kwamba katika zile kumi na moja yeye anakumbuka tano. Nikamwambia mchezaji akizama mchezoni hahesabu. Akasema huenda ni kweli. Akainuka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyoingia.

Mke wangu ameleta vitambaa viwili vya mapazia na kuniuliza kipi kizuri. Nilisema hakuna. Amechagua cha maua.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya! Nilijisahau.

Mkwe alianza vizuri na mkono wangu ukachangamka. Nilikuwa naandika kabla mpira haujashuka wavuni. Mchezo ukaisha, nikajumlisha kwa haraka, nikamsogezea Mwalimu karatasi atie sahihi yake kama mtunza saa. Huwa anatia tu. Leo alivaa miwani.

Akauliza, kwa upole uliowaliza watoto wa watu miaka arobaini, timu imefunga vikapu vingapi. Nikasema ishirini na vinne. Na asisti ni ngapi? Nikatazama. Ishirini na saba. Akataka kujua hizo tatu za ziada zimemsaidia nani kufunga nini. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja: hapa mkwe wako amefunga, na asisti ni ya mkwe wako. Alijipasia kwa kugongesha ukutani?

Nikasema ni uchovu. Hilo halikuwa uongo.

Ilibidi nipunguze. Ile ya kujipasia niliifuta, nikatoa na nne za wengine. Zikabaki ishirini na mbili, kumi na nne zikiwa za Taratibu. Tatu kati ya nilizofuta zilikuwa za mchezaji mrefu wa katikati, anayeitwa Mnara. Alikuwa na tatu tu msimu mzima. Nilidhani hataziulizia.

Zimebaki kumi na tano.

Jumapili, 9 Machi

Ameziulizia.

Mnara alifika nyumbani saa nne asubuhi akainama kupita mlangoni, kisha akainama tena kupita chini ya taa. Mke wangu alimletea kiti, kikamwonea haya. Alisema mama yake husikiliza michezo kwa redio na ametangaziwa kwamba mwanawe hana asisti hata moja, naye amejifungia ndani hataki kuona majirani. Alisema hayo huku machozi yakimlengalenga. Mwanaume wa kimo kile!

Nikamwahidi ribaundi sita, yaani mipira sita aliyoidaka baada ya mrushaji kukosa kikapu. Mama atafurahi zaidi, nikamwambia, ribaundi ni kitu cha kiume. Akaondoka ameridhika. Aligonga taa.

Baadaye nikakumbuka kwamba ribaundi haianguki kutoka mbinguni. Lazima mtu awe amekosa. Ribaundi sita mpya zinataka mitupo sita mipya iliyokosa. Nikaifungulia karatasi mlango wa chumba changu, nikajifungia nayo, nikamwandikia mitupo sita ya kukosa mrushaji hodari wa wapinzani. Ana jina kubwa, atastahimili.

Jumatatu, 10 Machi

Hakustahimili. Kocha wake amepiga simu. Anasema kijana wake alirusha mara tisa, vipi karatasi inasema kumi na tano? Nikamwambia labda alirusha mingine kocha alipokuwa akimfokea mwamuzi. Kisha akasema inawezekana, maana siku ile alimfokea sana.

Nilikata simu nikalala hadi jioni. Uongo mmoja unalisha familia kubwa, na wote wanataka kula kwangu.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia nilipolala.

Ukumbi ulikuwa na joto. Taratibu alipata asisti sita kufikia mwisho wa robo ya pili, nne za halali kabisa, nami nikatulia. Nikahisi macho yananielemea. Nimezoea kuandika nikiwa nusu usingizini, mkono unajua njia. Nasikia mlio wa wavu, naandika.

Kumbe mwanzoni mwa robo ya tatu mkwe wangu alifanya faulo ya tano akatolewa. Sikuona. Wavu ukalia, nikaandika, nikampa mtangazaji kijikaratasi. Naye akasoma kwa sauti yake ile ya harusi: kikapu cha Mnara, kwa asisti maridadi ya Taratibu!

Taratibu alikuwa benchi. Ameweka barafu gotini na taulo kichwani.

Watu walicheka. Wavu ukalia tena, nami bado sijaamka vizuri, kijikaratasi kingine kikaenda. Asisti nyingine ya Taratibu! Safari hii ukumbi mzima ulisimama ukampigia makofi. Mkwe wangu akatoa taulo, akatazama huku na huku, kisha akapunga mkono. Alipunga mkono! Mtu mmoja jukwaani akapaza sauti kwamba kocha amfungie nyumbani kabisa, huenda akatoa nyingi zaidi.

Mwalimu alisimamisha saa. Akanigusa bega kwa kalamu, akaniuliza naota nini, maana ndoto yangu inatangazwa.

Zile mbili zimefutwa. Sita zimebaki sita. Ninahitaji tisa katika mchezo mmoja.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeitwa na katibu wa ligi. Ofisi yake ina viti vya kuzama; ukikaa huwezi kuinuka kwa heshima. Aliniita mzee wetu mara saba. Mtu akikuita mzee wetu mara saba, ujue ya nane ni kwaheri.

Alisema hataki kujua kilichotokea, miaka ishirini na sita si mchezo. Ila mchezo wa mwisho kila asisti itaandikwa na mimi na kukubaliwa na Mwalimu papo hapo. Asipoweka alama yake pembeni, haipo. Nikamwambia huo ni udhalilishaji. Akaniambia ndiyo.

Nyumbani nimekuta kitanda changu kimesogezwa ukutani. Mke wangu anajaribu kuona kama vitanda viwili vya ghorofa vitaenea. Vinaenea.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya kazi leo kuliko mwaka mzima.

Asubuhi nilikwenda kwa Mwalimu. Anaishi peke yake, nyumba safi hadi inatia wasiwasi. Nilimsifu maua yake, mto wake, na maisha yake ya kazi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema alifundisha watoto elfu tatu, na kila mmoja alimsifu maua wiki ya mtihani. Nikamweleza ukweli: chumba, mlango, kitanda, wajukuu watatu. Nilieleza kwa uchungu. Akaniuliza chumba kina upana gani. Nikamtajia. Akasema watoto watatu wanaenea, na akanifungulia mlango.

Mchana nikamfuata Mnara mazoezini. Nikamwomba kitu kimoja: kesho Taratibu akikupa mpira, usidunde, usigeuke, usifikiri. Rusha. Akauliza atapata nini. Nikasema ribaundi. Ribaundi anazo za kutosha, akajibu, hata mama amechoka kuzihesabu. Anataka kimo. Katika orodha rasmi ameandikwa mita mbili na sentimita tatu, na anaona aibu. Anataka sentimita kumi. Nikamwambia kimo hupimwa kwa tepu, bwana mdogo. Akasema na asisti je, hupimwa kwa nini?

Kuanzia leo jioni Mnara ana mita mbili na sentimita kumi. Nimemtia wino.

Jumamosi, 15 Machi

Mchezo wa mwisho. Sikulala vizuri. Sikula vizuri.

Mwalimu alisogeza kiti chake hadi bega lake likagusa langu. Kila nilipoinua penseli, aliinua nyusi. Robo ya kwanza niliandika tatu, akakubali moja. Kwa ile ya pili alisema mpokeaji alikuwa na muda wa kuoa. Kwa ya tatu alicheka tu kwa pua.

Lakini lilitokea jambo ambalo sikulipanga, na kwa hiyo sikuliamini. Mkwe wangu alikuwa akicheza. Aliingia uwanjani kama mtu anayejiamini kwamba yeye ndiye mtoa pasi bora wa ligi. Nani alimwambia? Alipitisha mpira katikati ya miguu ya watu. Aliwapasia bila kuwatazama. Mnara alipokea na kurusha bila kufikiri, jambo ambalo nadhani halikumgharimu sana. Mwalimu alianza kuweka alama kabla sijaandika. Moja, nne, sita. Mashabiki waliacha kumcheka.

Sekunde kumi za mwisho alikuwa na nane. Moja tu! Mpira ukampata kwenye kona. Mwenye saa ni Mwalimu, mwenye penseli ni mimi, na sote wawili tulikuwa tumesimama, jambo ambalo haliruhusiwi. Taratibu akautupa juu ya mikono mitatu, Mnara akaudaka hewani na kuusukuma ndani. King'ora kikalia. Kabla au baada?

Mwamuzi akakimbilia mezani kumuuliza mtunza saa. Nilimtazama Mwalimu. Nilitumia macho peke yake, macho ya mtu mwenye chumba kimoja. Hakunitazama. Akamwambia mwamuzi kwamba mpira ulitoka mkononi kukiwa kumebaki robo ya sekunde. Kisha akachukua penseli yangu na kuweka alama mwenyewe.

Tisa. Jumla mia moja thelathini na mbili. Wastani sita kamili!

Nilimshukuru njiani. Nikamwambia najua amenihurumia. Akasema hajanihurumia hata kidogo. Tisa za leo zilikuwa tisa, na kama ningekuwa macho ningeziona. Alichukua mto wake akaenda.

Nimefunga mlango wa chumba changu kwa ndani. Nasikiliza kimya.

Jumapili, 16 Machi

Mkwe na binti yangu walikuja kula chakula cha mchana. Klabu ilisaini jana jioni. Nilikula vipande viwili vya nyama, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Baada ya kula mkwe aliomba kusema kitu. Akasimama. Alisema wiki mbili zilizopita alipata barua kutoka shule moja: kazi ya kudumu ya kufundisha michezo, na nyumba ya mwalimu yenye vyumba vinne na ua. Hakumwambia mtu, hata mke wake, kwa kuwa alitaka kutushtukiza kwa furaha. Alikuwa tayari kuacha kucheza. Alijiona amekwisha. Kisha ikaja ile siku ya asisti kumi na moja, halafu kumi na nne, akakaa na karatasi zangu usiku na mchana, akaona takwimu zimemwambia ukweli ambao kila mtu alimficha. Yeye si Taratibu. Ijumaa akaiandikia shule kwamba hataki.

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Alisema Baba, wewe ndiye uliyeniandika.

Vyumba vinne! Na ua!

Nikasema si neno. Mke wangu alinitazama sana. Hata hivyo chumba kiko salama, na hilo ndilo lililokuwa lengo.

Jumatatu, 17 Machi

Klabu moja ya mbali, nchi nyingine, imesoma takwimu za mwisho wa ligi. Wanamtaka mtoa pasi wa asisti arobaini katika michezo minne. Klabu yake imekubali kumtoa kwa mkopo msimu mmoja, nayo haiwezi kumwachia nyumba mtu asiyekuwapo. Kule wachezaji wanalala bwenini, wawili wawili. Familia haziruhusiwi.

Binti yangu alitueleza haya akiwa amebeba mto wa mtoto. Hakuja kuuliza.

Alhamisi, 20 Machi

Wameingia. Vitanda vya ghorofa vimeenea, kama ilivyosemwa na mtu mmoja aliyesomea hesabu na mwingine aliyepima kwa kamba. Mafaili yangu ya miaka ishirini na sita yako jikoni juu ya kabati la vyombo. Mimi nalala sebuleni. Pacha wanadunda mpira ukutani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mkubwa anatoa pasi, mdogo anauliza kama hiyo ni asisti. Nimewaambia Babu hafanyi kazi leo.

Mkwe aliondoka jana. Alilia uwanja wa ndege. Mimi pia nililia, wakaguswa.

Lakini nimepata nafasi ya kuusoma mkataba wake mpya, ambao binti yangu aliuacha mezani. Kifungu cha tisa: asipofikisha wastani wa asisti tatu katika michezo kumi ya mwanzo, atarudishwa nyumbani mara moja. Mara moja! Na karani wa takwimu wa ukumbi wao ni mzee mmoja niliyesoma naye kozi, bwana mwenye usingizi mzito na moyo mwepesi. Nimechonga penseli, nimeanza kumwandikia barua. Namweleza kwamba asisti ni jambo la kuamuliwa kwa ukali. Pasi lazima izae moja kwa moja. Mpokeaji akipepesa macho, imekufa. Karani huyo akimbana vizuri, mkwe wangu atakuwa hapa kabla ya mwezi wa sita kuchukua watu wake.

Mke wangu amesoma barua hiyo akiwa amesimama nyuma yangu. Ameuliza, akirudi, atalala wapi.

Nimemwambia asinivurugie hesabu.